Herufi Tano za Kina Mwaka

Leo nimepatikana, jamani. Nimepatikana mchana kweupe, ukumbini Iyunga, mbele ya watu wazima ishirini na tano, na projekta ikiwaka. Naandika haya nikiwa gesti, nimejifunika blanketi mpaka kidevuni, na wala si kwa ajili ya baridi ya Mbeya. (Baridi ipo, lakini mimi ni wa Iringa, tumezoeana.)

Kwa asiyenijua: naitwa Skola Kikoti, Mhehe, natengeneza mifumo ya kompyuta. Sina kampuni. Kampuni ni mimi na laptopu yangu yenye kitufe kimoja kilichong'oka. Mwaka jana niliwatengenezea wakulima wa nyanya wa Ilula mfumo mdogo wa kwenye simu. Mtu anaingia, anaandika ana matenga mangapi, anatoka. Walikuwa watu kumi na mmoja. Mfumo ulifanya kazi bila kukohoa, nami kichwa kikavimba.

Sifa zikafika Mbeya. Aliyezileta ni bwana shamba mmoja, Ipyana, anayesimamia kikundi cha wakulima wa parachichi. Hawa huagiza miche kwa pamoja kila mvua zikikaribia. Akanipigia: "Dada Skola, na sisi tutengenezee." Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Tangu hapo tunapigiana simu karibu kila siku. Simu inaanza na miche, inaishia na kama nimekula. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. (Mimi nilikuwa nasubiri aanze yeye. Yeye sijui alikuwa anasubiri mvua.)

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nauonyesha mfumo, halafu wanachama wanapiga kura kabla ya chakula: waagize miche kwa simu, au waendelee na daftari. Wakichagua daftari, miezi yangu mitano imekwenda na maji. Na daftari lina mwenyewe. Anaitwa Mama Mwakatobe, katibu wa kikundi tangu kinaanzishwa. Mama Mwakatobe huyo ndiye aliyemzaa Ipyana.

Mnaona nilivyokaa? Nimetoka Iringa kuja kumpokonya mama daftari lake, huku nikimtamani mwanawe.

Sasa rudini na mimi asubuhi, maana shimo nililichimba kabla ya saa mbili.

Niko chumbani, chai ya rangi na maandazi mezani, naujaribu mfumo kwa mara ya mwisho kwenye simu yangu. Ili kuujaribu lazima utengeneze akaunti ya uongo. Kule Ilula nilitumia jina la "Mtu Fulani". Leo vidole vikaandika Skola. Vikafika kwenye jina la ukoo, vikasita. Nikautazama mlango. Umefungwa. Vikaandika: Mwakatobe.

Nikabonyeza. Simu ikaniandikia kwa herufi kubwa za kijani: KARIBU, SKOLA MWAKATOBE.

Nyie! Nililisoma kimoyomoyo mara tatu, mara ya nne kwa sauti. (Linakaa vizuri mdomoni, msinibishie.) Nikajiagizia na miche miwili ya majaribio. Nikamalizia andazi, nikaondoka. Kufuta ile akaunti? Nikasema nitafuta baadaye.

Hilo "baadaye" lishikeni, litarudi.

Ukumbini watu walishakaa. Masweta, vitenge, makoti ya Jumapili. Nikawasalimia kwa Kinyakyusa cha kuokoteza: "Mugonile!" Wakaitikia huku wanacheka, ila kicheko cha upendo. Mama Mwakatobe alikuwa mstari wa mbele, daftari mapajani, limevalishwa jalada la kaki kama la mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe wa kompyuta?"

"Ndiyo mama."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. Akafungua daftari, akalifunga. Sikuambiwa nimepata ngapi.

Mwenyekiti, Mzee Mwakalinga, akanikaribisha mbele. Ipyana alikuwa anahangaika na waya wa projekta, amevaa shati la bluu ambalo sijawahi kuliona (limenyooshwa, nikaliweka akilini). Nikaanza kueleza. Sijafika mbali, mkono wa Mama Mwakatobe uko juu.

"Mwanangu, hicho kitu kinajuaje huyu ni nani na yule ni nani? Mimi niko nyumbani kwangu, huyu yuko kwake. Kinatutambuaje?"

Swali la haja. Nikavuta pumzi.

"Mama, umeshakula kwa mama ntilie saa ya mchana, watu wamejaa? Yule haandiki popote. Anajua tu kichwani kwamba wa koti jekundu ni ugali maharage, wa kofia ni wali. Ukimaliza ukaondoka, anakusahau. Na mfumo uko hivyo. Ukiingia, simu yako inapewa ufunguo. Seva, ile kompyuta kuu, inakukumbuka kwa ule ufunguo, inakuweka kwenye RAM, yaani kichwani mwake. Hapo ni haraka mno. Miche uliyoagiza inaandikwa kwenye diski, hiyo haipotei. Lakini nani yuko ndani sasa hivi, hilo linakaa kichwani tu."

"Na umeme ukikatika?"

"Inamsahau kila mtu, mama. Mnaingia upya."

Akafikiri. Akachomoa penseli kwenye kilemba chake, akawageukia wenzake. "Kumbe ni penseli! Si mnajua daftari langu? Mwenye uhakika namwandika kwa wino. Anayesema ngoja nikamuulize mke wangu, namwandika kwa penseli. Ya muda."

"Hapo hapo mama! Umenielewa kuliko walimu wangu."

Ukumbi ukacheka. Ipyana naye akacheka, akanitazama. Nikasahau nilikuwa nasema nini. Nikajiambia, Skola, leo unashinda.

Tukaanza na mwenyekiti. Mzee Mwakalinga akavaa miwani, akaandika jina na neno la siri kwa kidole kimoja, taratibu, utafikiri anadonoa mahindi. Akabonyeza. "KARIBU, AMBAKISYE MWAKALINGA." Akaiinua simu juu kila mtu aone. Makofi. Nikawaambia haya, wote tuingie.

Wakaingia wote. Dakika mbili za raha tupu. Halafu wakaanza kufungua ukurasa wa miche.

"Binti," mama mmoja wa nyuma akasema, "mbona mimi kinaniita Mzee Mwakasula?"

"Na mimi pia!" akasema wa pembeni yake.

"Mimi ndiye Mwakasula," akasema Mzee Mwakasula, "na mimi kinaniita Tusajigwe!"

"Tusajigwe ni mimi. Nani ameniagizia miche mia mbili? Shamba lenyewe liko wapi?"

Fujo. Wengine wanatoka na kuingia tena, ndiyo kwanza majina yanazidi kuhama. Mmoja akifungua ukurasa anakuwa jirani yake, akifungua tena anakuwa shemeji yake. Mzee Mwakalinga aliyeingia kama mwenyekiti sasa anaitwa Bi. Atupele, na ameificha simu mfukoni kwa heshima ya cheo. Mtu mmoja tu alikuwa na amani. Huyo ni Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, akaoa huku, akapanda na parachichi.

"Kwangu mbona iko safi?" akasema. "Masanja naingia, Masanja natoka."

Jasho. Jasho la Mbeya, mnaelewa uzito wake? Nikafungua laptopu, nikachungulia mle kichwani mwa seva nione funguo za watu. Nategemea funguo ishirini na tano. Nikaona mbili tu. Moja imeandikwa "masan". Nyingine imeandikwa "mwaka".

Ya kwanza nikajua ni Masanja. Ya pili nikasema aah, mwaka, ni mambo ya kalenda, tarehe hizo. Nikaipita. (Niliipita, jamani. Niliitazama kwa macho yangu haya mawili nikaipita.) Nikaamua kwamba seva imeelemewa, imelewa majina. Nikaifuta kumbukumbu yote, ikabaki tupu. Simu zote ukumbini zikatupwa nje ya mfumo.

"Imetusahau!" akasema mtu.

"Ndiyo wazazi wangu, nimefuta penseli zote. Ingieni upya, mmoja mmoja. Ukishaona jina lako, usiguse kitu mpaka niseme."

Wakaingia. Kila mtu akaona jina lake. Nikapita kati ya viti nahakiki. Mwakapala, Mwakapala. Tusajigwe, Tusajigwe. Mama Mwakatobe akanionyesha simu yake: jina sahihi. Roho ikatulia kwatu. "Si mmeona? Imepona!"

Ningeishia hapo, leo ningelala mtu mwenye heshima zake.

Lakini mimi na sifa! Nikamwambia Ipyana aunganishe simu yangu na projekta, na mimi niingie kama msimamizi, tuone wote pamoja ukutani. Simu ikafungua mfumo. Simu hizi za siku hizi zinakumbuka ulichoandika mara ya mwisho, zinakujazia jina na neno la siri zenyewe. Ikajaza. Sikusoma. Nilikuwa nimeugeukia ukumbi natabasamu kama mgombea. Nikabonyeza kwa kidole gumba, na mtandao ukawa unazunguka, unazunguka.

"Sasa," nikasema kwa sauti ya ushindi, "kila mtu aufungue ukurasa wake upya. Wote kwa pamoja. Moja, mbili, tatu!"

Vidole vyote vikashuka.

Nikangoja makofi.

Nikamsikia kuku wa jirani. Watu wanatazama simu zao, wananitazama mimi, wanatazama ukuta nyuma yangu. Nikasikia Mzee Mwakalinga anasoma, silabi moja moja, miwani imeshuka puani: "Ka-ri-bu. Sko-la. Mwa-ka-to-be."

Nikageuka. Ukutani, kila herufi kubwa kuliko kichwa changu, za kijani. KARIBU, SKOLA MWAKATOBE. MICHE YAKO: 2.

"Skola ndiye nani?" akauliza mtu.

"Si huyu binti wa kompyuta!"

"Kumbe ameolewa?"

"Kwa Mwakatobe yupi?"

Hapo vichwa vyote ishirini na tano vikamgeukia Ipyana, aliyekuwa ameshika waya wa projekta mkononi. Mama yake akasimama. Taratibu. Daftari kifuani.

"Ipyana. Umeoa?"

"Mama," akasema Ipyana, "hata mimi ndiyo naona sasa hivi."

Weee! Mama mmoja kule nyuma akapiga kigelegele, wa pili akadakia, na mimi nikatafuta pa kujificha. Hapakuwa na pa kujificha, projekta yenyewe ilikuwa inanimulika usoni. Jina lilikuwa limejiandika kwenye paji langu la uso. Nikaichomoa simu. Likatoka ukutani, lakini likabaki kwenye simu za kina mama na kina baba ishirini na wanne, kila mmoja amelikumbatia.

"Miche miwili," Mzee Mwakalinga akawa anasema kwa utaratibu wa kikao, "mmoja wake. Na wa pili wa nani?"

"Kwangu bado ni Masanja tu," akasema Masanja, na safari hii alionekana kuumia kidogo kwamba kwake hakujaja arusi.

Nilitaka kulia. Kweli kabisa. Nikainamia laptopu nijifanye nina kazi, natazama kioo bila kuona kitu. Nikasikia mtu kainama pembeni yangu. Shati la bluu.

"Skola," akanong'ona, "hilo neno mwaka hapo, ni nini?"

"Ni mwaka tu. Wa kalenda."

"Mwaka gani?"

"Sijui, Ipyana, niache."

Akasogea karibu na kioo. "Au ni sisi?"

Nikaangalia. M, w, a, k, a. Nikainua macho, nikautazama ukumbi. Mwakalinga. Mwakasula. Mwakapala. Mwakabungu. Mwakatobe. Kina Mwaka ishirini na wanne na Masanja mmoja.

Mungu wangu.

Kule Ilula, nikiwa na haraka na seva yenye RAM kiduchu, ufunguo wa kila mtu niliutengeneza kwa herufi tano za kwanza za jina lake la ukoo. Inatakiwa uwe mrefu, wa kubahatisha, ambao hakuna wa kufanana nao. Mimi nikaweka herufi tano. Kihwele, Nyenza, Sanga, Mgaya, Luvanda, nani afanane na nani pale? Pembeni nikajiandikia kabisa kwa mkono wangu: "Ya muda, nitabadilisha baadaye." Halafu nikauleta mfumo huo huo Unyakyusani! Kwa hiyo ukumbi mzima walikuwa na ufunguo mmoja. Anayeingia wa mwisho ndiye anakuwa wote. Na wa mwisho nilikuwa mimi, na jina langu la kujipa.

Nikasimama nikawaeleza ukweli. Kwamba kosa si la simu zao, si la mtandao, ni langu.

"Kwa hiyo ulitusoma majina nusu," akasema Mama Mwakatobe.

"Ndiyo mama."

"Huku ukiita Mwaka, wanageuka watu wa tarafa nzima. Jina la mtu halisomwi nusu, mwanangu."

"Ndiyo mama. Naomba robo saa."

Walinipa. Nikabadilisha ule mstari mmoja, mmoja tu, nikaweka funguo ndefu kama treni ya mizigo. Nikafuta kumbukumbu. Wakaingia. Wakafungua ukurasa, wakafungua tena, wakafungua mara kumi kwa makusudi, wazee wale ni wabishi. Kila mtu akabaki yeye. Mzee Mwakalinga aliporudi kuwa Mzee Mwakalinga alishusha pumzi ndefu. Nilipochungulia kichwani mwa seva, kulikuwa na funguo ishirini na tano, hakuna inayofanana na mwenzake. Nilizihesabu mara mbili kwa kidole.

Ikafika kura. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Mama Mwakatobe akasimama, na mimi nikajua kwisha habari yangu.

"Mimi nina neno dogo," akasema. "Nilikuja hapa kuikataa hii kitu. Nilisema mashine itatuficha, itatudanganya. Lakini mmeona wenyewe. Mashine iliyomuumbua fundi aliyeitengeneza, ikatoa siri yake ukutani, itaweza kutudanganya sisi?" Kicheko. "Mimi nasema tuichukue. Na daftari liende nayo sambamba msimu huu mmoja, mpaka tuzoeane."

Mikono ikapanda yote. Masanja alipandisha miwili, akaambiwa ashushe mmoja.

Nilikula wali na kuku kwa raha, ingawa kila aliyepita na sahani yake alinisalimia "Mama Mwakatobe mdogo, habari?" Mmoja akasema Wahehe kumbe hawana hasira kama tunavyoambiwa. Nikamwambia hasira ninazo, baba, leo aibu imezikalia juu.

Ipyana alinisubiri tumalize kukunja waya. Akaukunja ule ule mara tatu. Mwishowe akasema, bila kunitazama:

"Ile akaunti ya majaribio."

"Naifuta sasa hivi, samahani, ilikuwa tu ya..."

"Usiifute."

Basi. Akabeba projekta akaondoka nayo, na masikio yake kwa nyuma yalikuwa yamemwiva. (Miezi mitano! Na ilibidi ukuta uanze.)

Nikaenda kuaga. Mama Mwakatobe yuko mlangoni mwa ukumbi na daftari. Kumbe ukurasa wa mwisho huandikwa wageni, kila anayekuja lazima aandikwe, tarehe, jina na anakotoka. Akaniuliza jina la ukoo, kwa sauti ya kikatibu kabisa, kama vile hakulisoma lile jingine ukutani.

"Kikoti, mama. Kutoka Iringa."

Kalamu ya wino alikuwa nayo mkononi. Akaandika tarehe kwa wino. Akaandika Skola kwa wino. Akaandika Iringa kwa wino. Halafu akaiweka kalamu chini, akapeleka mkono kwenye kilemba, akachomoa penseli, na kwa penseli akaandika: Kikoti.

"Mama, mbona hapo penseli?"

Akapuliza vumbi la penseli, akalifunga daftari.

"Hilo ni la muda," akasema. "Tutabadilisha baadaye."

Chekeni mkitaka, ila msiwacheke kina Mwaka mbele yangu. Hao sasa ni watu wangu, japo kwa penseli.